Moshi wa Mwezi wa Saba

Ule si ukungu. Ni moshi.

Nimetumia miaka minne kuzifikia sentensi hizo mbili fupi, mimi ambaye humaliza makala nzima kabla ya chai ya saa nne. Walioniuliza kwa adabu niliwajibu kwa adabu: ni ukungu. Fundi wa studio aliponiambia ni moshi, nilimjibu vibaya. Mama yangu mzazi aliponusa koti langu na kuniuliza nimetoka kuchoma nini, nilimuuliza kama amekunywa dawa zake. Na ili nijifungie kabisa njia ya kurudi, niliandika gazetini kuhusu picha ile, nikauita ukungu huo pumzi ya mlima. Pumzi ya mlima, jamani. Zilikuwa kuni.

Kamera niliinunua nikiwa na miaka arobaini na saba, umri ambao wenzangu hununua kipimo cha presha. Nilizaliwa Mpanda, nikasoma Mpanda, nikaenda Dar es Salaam kwa ajili ya chuo kikuu, nikarudi na shahada ya fasihi na tabia ya kusahihisha mabango ya barabarani. Sasa naishi Shanwe, hapo hapo Mpanda, na mama yangu, naandika makala, na nahariri ripoti za watu wanaoweza kuliweka neno "changamoto" mara tatu katika mstari mmoja. Ni kazi ya kukaa. Daktari akasema nitembee. Nikaona kutembea bila sababu ni ujinga, nikatafuta sababu, nikaipata ndani ya boksi lenye lenzi mbili.

Ninachopenda kupiga ni milima iliyonuna. Mlima uliojaa jua ni kama mtu anayechekea kamera: unamwona, unashukuru, unaondoka. Mlima ulionuna una jambo. Umejifunika wingu mpaka mabegani, hausemi, na wewe inabidi ukae juu ya jiwe lililolowa ungoje uamue kama utafunua uso au hautafunua. Mvua zikikolea, vilima vya upande wa Kabungu, nje ya mji, hununa wiki nzima, nami hupata furaha isiyo na maelezo. Nimewahi kuishikia kamera mwavuli kwa saa mbili huku mimi nikilowa hadi soksi, na dereva wa bodaboda aliyenileta akanitazama kama mtu anayefikiria kuwapigia simu ndugu zangu.

Nyumbani picha hizo hazikupokelewa kwa vigelegele. Ya kwanza niliyoisafisha na kuiweka kwenye fremu nilimpelekea mama yangu kitandani.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni mlima, mama."

"Mlima nauona. Nauliza aliyesimama mbele yake."

"Hakuna mtu."

"Amekwenda wapi?"

Mama anaamini kwamba picha isiyo na mtu ni picha ambayo mtu wake amechelewa kufika. Aliirudisha kwa upole, akasema nikimpata nimletee tena.

Kule Kashaulili, nyuma ya soko, iko studio ya zamani kuliko zote mjini. Mwenyewe ni mzee wa Kipimbwe, mrefu, mtaratibu, aliyeanza kazi enzi za filamu na chumba chenye taa nyekundu. Ukutani kwake linaning'inia pazia alilolichora kwa mkono wake: mlima wenye theluji, maporomoko ya maji, na bata wawili ambao mmoja ni mkubwa kuliko mti. Nusu ya Mpanda imepigwa picha mbele ya mlima ule. Kuna picha yangu ya miaka sita mbele yake, nimevaa gauni la Krismasi, nimenuna. Watu walioniambia baadaye kwamba mapenzi yangu ya milima yalianza chuoni hawajaiona picha hiyo.

Kila Jumamosi saa tisa alasiri, wapiga picha wachache wa mji hukutana pale. Wengi ni watu wa harusi na ubatizo. Kila mmoja anakuja na picha moja kwenye flashi, inawekwa kwenye televisheni ambayo siku nyingine huonyesha video za harusi, halafu inasemwa. Na mwenye picha hupewa pingili tatu za muwa. Anapotafuna yeye, wanasema wengine. Mpaka pingili ya tatu iishe, haruhusiwi kutoa neno.

Nilimuuliza fundi kwa nini muwa.

"Karanga unaweza kuzimeza ukadakia," akasema. "Chai unaweza kuipuliza ukadakia. Mdomo wenye muwa ukijitetea, unamwaga maji."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakulisema, nililigundua mwenyewe: hakuna mtu anayeonekana na hekima akiwa anatafuna muwa. Shahada yangu ilibaki mlangoni pamoja na viatu.

Siku yangu ya kwanza nilipeleka mlima ulionuna kuliko yote niliyokuwa nayo. Picha ilipotokea kwenye televisheni, wote walisogeza vigoda karibu. Kulikuwa na dada mmoja anayepiga harusi, mdogo kwangu kwa miaka kumi na tano, mwenye ulimi ambao haujawahi kupumzika.

"Samahani, da' mkubwa," akasema. "Naomba kuuliza tu. Umeme ulikatika?"

Wakacheka. Mimi nikatafuna.

"Hapana, nyie msicheke, nataka kujifunza. Hapa bibi harusi ndo bado hajashuka kwenye gari, au?"

Nikatafuna kwa nguvu zaidi. Maji ya muwa yakanishuka kidevuni.

Fundi aliitazama muda mrefu. "Wingu zuri," akasema. "Wingu umelingoja, linaonekana umelingoja. Ila jicho langu limepanda mlima wote huu, limefika juu limechoka, na hakuna hata mtu wa kumpa shikamoo. Na tena, msomi, dunia yako imeinamia kushoto."

Pingili ya kwanza niliitafuna kwa hasira. Ya pili kwa hoja. Nilikuwa nimeshatunga kichwani jibu la kurasa mbili. Nilipofika katikati ya ya tatu niliinua macho tena kwenye televisheni, na kweli, dunia ilikuwa imeinamia kushoto. Nilipomaliza, fundi akasema haya, sasa sema. Nikasema asante. Nilirudi nyumbani nikitembea upesi kama msichana, nikaenda kuinyoosha dunia kwenye kompyuta, na Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kufika.

Mwaka mzima niliishi hivyo, na ulikuwa mwaka mzuri. Nilikubali giza langu limezidi. Nilikubali mawe yangu yote yanafanana. Nikawa najisifu, kimoyomoyo, kwamba mimi ni mtu anayepokea ukosoaji. Ningekuwa makini ningeona kwamba nilikuwa nakosolewa picha ambazo hata mimi sikuzipenda sana.

Halafu ukaja mwezi wa saba.

Nilikuwa nimekwenda Kabungu asubuhi na mapema kwa jambo lingine kabisa, na baridi ilikuwa ile ya kiangazi inayouma masikio. Mvua ilikwisha zamani, anga jeupe, vilima vimekauka. Si wakati wa kununa. Bodaboda ikapanda kilima kidogo, nikapiga kelele asimame. Bonde lote lilikuwa limejaa kitu cha kijivu, laini, kimelala chini kama shuka, na juu yake vichwa vya vilima vimetokeza, kimoja nyuma ya kingine, kila kimoja kimepauka kuliko cha mbele. Niliteremka nusura nidondoshe kamera. Niliposema mlima ulionuna nilikuwa namaanisha hiki. Miaka yote nilikuwa namaanisha hiki.

Kulikuwa na harufu. Nitasema ukweli: ilikuwepo tangu mwanzo, na haikuwa harufu ya umande.

Akapita mama mmoja na ndoo ya maji kichwani, anashuka bondeni. Tukasalimiana.

"Poleni na kazi," nikasema.

"Tumeshapoa, dada. Unapiga nini hapo?"

"Ukungu."

Akalitazama bonde. Akanitazama mimi, na kamera, na miguu mitatu ya kamera.

"Haya," akasema. "Ukungu."

Akaendelea kushuka, mabega yakitikisika. Nikadhani ndoo ni nzito. Nikapiga mara nyingi, na katika picha iliyotoka bora kuliko zote, yeye alikuwa amefika chini.

Hilo niliona nyumbani, kwenye kompyuta. Kwenye kona ya chini kushoto kulikuwa na kitu cha mraba, rangi ya udongo, kimekandikwa matope, na kijivu changu kizuri kilikuwa kinatokea mdomoni mwake. Kando yake, mdogo kama punje ya mchele, yule mama na ndoo yake. Nilikaa nikaitazama kona ile kwa muda. Nikajiambia kwamba inavuta jicho. Hiyo ni lugha ya kitaalamu ya kusema naogopa. Nikakata. Kona ikaondoka, tanuru likaondoka, mama na ndoo wakaondoka, ukabaki ukungu mtupu usio na asili, na picha nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Mama yangu ndipo alipopita nyuma ya kiti, akalinusa lile koti, nami nikamuuliza habari za dawa.

Jumamosi nikaipeleka. Nilipokea pingili zangu tatu nikiwa na tabasamu la mtu aliyekuja kupokea pongezi, na kwa dakika moja nzima nilizipata. Hata dada wa harusi alisema, "Ee! Hii sasa." Fundi peke yake ndiye alikuwa hajasema.

"Lini hii?" akauliza.

Kusema sikuruhusiwa, nikainua vidole saba, muwa umebanwa kwenye gumba.

"Mwezi wa saba?"

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Wapi? Kabungu?" Nikakubali tena. "Mwezi wa saba, Kabungu, ukungu wa namna hii." Akasimama, akaenda mpaka kwenye televisheni, akaweka kidole kwenye kona ya chini kushoto, pale pale. "Mwezi wa saba ni wa kuchoma tofali, msomi. Ukungu hauna shina. Huu una shina, na shina lake umelikata."

"Hee!" dada wa harusi akapiga makofi. "Da' mkubwa katuletea tanuru!"

Wakacheka wote, na kilikuwa kicheko cha kawaida cha Jumamosi, si kibaya kuliko vingine. Lakini mimi nilifanya jambo ambalo halijawahi kufanywa na mtu pale ndani. Nilitema makapi kiganjani, nikasema.

"Mzee," nikasema, "wewe milima yako ni ya pazia. Ukungu utaujulia wapi?"

Hakuna aliyecheka hapo. Fundi alichomoa flashi yangu taratibu, akaifuta kwa shati, akanirudishia. "Sawa," akasema. "Ni ukungu." Kisha akaenda kulinyoosha pazia, ingawa halikuwa limejikunja. Niliziacha pingili mbili juu ya kigoda nikatoka, na sikurudi miaka minne.

Mpanda si mji mkubwa. Kumkwepa mtu Kashaulili kunahitaji mipango. Nilijifunza kuingia sokoni kwa upande wa nafaka, na nilipokosea njia, sauti ilitoka mlangoni mwa studio: "Hujambo, msomi?" Nami nikawa najibu shikamoo huku natembea, kama mtu aliyeacha maziwa motoni. Milima niliendelea kuipiga. Hakuna aliyeniambia imeinama. Niliwatumia rafiki zangu wa chuo picha hizo kwenye simu, wakanijibu kwa mioyo myekundu, na sijawahi kujifunza kitu kutoka kwenye moyo mwekundu.

Jambo hili lingeweza kuishia hapo, mimi na ukungu wangu tukazeeka pamoja, kama si kalenda.

Inabidi niseme kalenda ni nini kwangu. Katika nyumba niliyokulia hapakuwa na picha ukutani isipokuwa kalenda ya parokia: picha moja kubwa juu, miezi yote kumi na miwili chini. Mwaka ulipokwisha hatukuitupa. Tuliigeuza ikafunika madaftari. Nilisoma darasa la kwanza mpaka la saba nikiwa nimebeba kalenda. Gazeti hufungia maandazi siku inayofuata. Kalenda inakaa mwaka mzima mbele ya macho ya watu wanaokula, wanaogombana, wanaovaa viatu. Kwa hiyo mtu akiniuliza nilitaka nini hasa katika upigaji picha, jibu halikuwa maonyesho wala tuzo. Nilitaka ile nafasi ya juu ya Januari.

Katibu wa kamati ya kalenda ya parokia ni mama mstaafu, aliyekuwa muuguzi, na bado anaongea kama mtu mwenye foleni mlangoni. Alinipigia siku moja. Kila mwaka wanaweka picha ya jengo la kanisa, akasema, imepigwa kutoka kwenye nguzo ile ile ya umeme, na waumini wameanza kuijua ile nguzo kuliko jengo. Mwaka huu wanataka mandhari. Ameona picha yangu kwenye makala ya zamani. Kamati imeipenda, wote. Nitume picha na maelezo mafupi ya kuandika chini yake: ni nini, wapi, lini.

Nilicheza peke yangu jikoni. Kisha nikakaa, nikaandika: Ukungu wa asubuhi, Kabungu, mwezi wa saba.

Nikausoma mstari ule kama ninavyosoma ripoti za watu. Chini yake pangekuwepo mwezi wa saba wenyewe, umechapwa, na siku zake zote. Na kalenda ingetundikwa kwenye nyumba za wakulima, kila siku, mwaka mzima, mbele ya watu ambao kila mwezi wa saba wanapanga tofali. Ingetundikwa juu ya kuta za tofali za kuchoma. Pangekuwa na msumari umepigiliwa katikati ya ushahidi.

Nikafuta mwezi. Ukabaki ukungu. Nikafuta ukungu. Ikabaki Kabungu, imekaa peke yake kama mtu aliyeshushwa njia panda.

Asubuhi ya Jumanne nikapita sokoni, nikanunua muwa mrefu, nikaomba nikatiwe pingili tatu. Nikaingia studio kwa mlango wa mbele. Fundi alikuwa anakata picha za pasipoti kwa mkasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo si Jumamosi."

"Najua." Nikampa flashi, nikakaa kwenye kigoda kile kile, nikaanza kutafuna.

Aliiweka kwenye televisheni. Ilikuwa picha nzima sasa, na kona yake. Fundi alisimama mbele yake, mikono nyuma, na pingili ya kwanza iliisha bila yeye kusema neno. Sijawahi kutafuna muwa mgumu kama ule.

"Dunia imenyooka," akasema mwisho. "Umejifunza." Akasogea. "Huku kulia umeacha uwanja wa bure, hauna kazi. Kilima cha tatu kimefifia mno. Tanuru limekaa vizuri. Ulilikata kwa nini? Ndilo linaloshika picha, bila hilo kila kitu kinaelea." Akainama karibu kabisa, pua nusura iguse kioo. "Na huyu nani?"

Nikatikisa kichwa.

"Humjui?"

Nikatikisa tena.

Akageuka kunitazama. "Umempiga mtu, ukamkata, na jina hukumuuliza. Mimi mbele ya pazia langu, msomi, hajasimama mtu nisiyemjua jina."

Pingili ya tatu niliimaliza nikiwa natazama sakafu. Alipenga kamasi, akarudi kwenye mkasi wake, akasema haya, sema.

"Samahani, mzee. Kwa neno lile la pazia."

"Pazia ni pazia," akasema. "Ile theluji nilikosea, nilitumia rangi ya milango." Kisha akaanza kucheka, yule mzee, mpaka akaharibu pasipoti ya mtu, nami nikacheka mpaka nikahitaji leso yake, iliyokuwa inanuka dawa ya filamu ambayo hajaitumia miaka mingi.

Nikampigia katibu nikiwa bado pale, ili nisipate nafasi ya kutembea na kubadili mawazo.

"Mama, ile picha. Si ukungu. Ni moshi."

"Moshi wa nini?"

"Wa tofali."

Foleni yake yote ilisimama. "Mwanangu," akasema, "nimeshawaambia wanakamati ni ukungu. Paroko mwenyewe ameusifu ukungu."

Nikamtumia picha nzima. Kamati ikakaa jioni hiyo hiyo, na nasikia ilikuwa na kelele. Wengine walisema kalenda ya kanisa haiwezi kuwa na tanuru. Wengine wakasema kanisa lenyewe limejengwa kwa kitu gani. Mwisho wakaafikiana hivi: mama wa kwenye kona atafutwe. Akipatikana kabla ya Jumatatu na akikubali, picha inakwenda kuchapwa. Asipopatikana, wanarudi kwenye jengo na nguzo ya umeme. Tangazo likapelekwa kwenye kigango cha Kabungu pamoja na picha na namba yangu ya simu, na Alhamisi, baada ya sala, katekista akalisoma kama alivyopewa: anatafutwa mama mwenye moshi.

Ijumaa hakuna aliyepiga simu. Nilimwonyesha mama yangu picha nzima, nikamwekea kidole kwenye kona.

"Huyu nani?" akauliza.

"Simjui bado. Namtafuta."

Akaivuta karibu na miwani, akatabasamu kwa mara ya kwanza mbele ya picha yangu yoyote. "Nilijua atafika tu," akasema.

Jumamosi saa tisa nilikuwa kwenye kigoda changu Kashaulili, kama vile miaka minne ilikuwa wiki mbaya. Kwenye televisheni kulikuwa na mlima wangu mpya, na mdomoni kulikuwa na pingili ya pili. Dada wa harusi, ambaye sasa ana watoto wawili na ulimi ule ule, alikuwa amesimama.

"Da' mkubwa, karibu tena. Naona umeme bado haujarudi."

Simu yangu ikaita juu ya meza. Namba ngeni. Nilinyoosha mkono, fundi akaniwahi.

"Una muwa," akasema. Akabonyeza, akaweka spika, akailaza simu katikati ya meza.

"Haloo," ikasema sauti ya mwanamke, na nyuma yake kuku na watoto. "Naongea na yule dada mpiga ukungu?"

Studio ililipuka kwa kicheko. Dada wa harusi alishikilia pazia asianguke. Mimi nilitoa sauti ambayo haikuwa neno.

"Haloo? Mbona hasemi?"

"Anatafuna muwa, mama," fundi akasema. "Sisi ni wenzake. Hapa kwetu, picha ikisemwa, mwenye picha haruhusiwi kuongea. Sema wewe."

"Haruhusiwi kabisa?"

"Kabisa."

"Basi vizuri," akasema yule mama, na nikasikia akivuta kiti. "Maana mimi nina maneno. Kwanza, mimi si hata Mkatoliki. Jirani yangu ndo kasikia tangazo, kaja mbio, ananiambia unatafutwa na kanisa kwa ajili ya moshi. Nimekaa siku mbili nikijua nimeshtakiwa. Leo ndo kaniletea picha kwenye simu yake, nimecheka mpaka nimekaa chini. Dada, nilikuona siku ile! Nikasema moyoni, mgeni akisema ni ukungu, mimi nani nimkatalie?"

Nikafumba macho. Maji ya muwa yalinishuka mpaka kwenye kola.

"Pili, umenipiga kwa mbali kama mbuzi aliyepotea. Ungeniambia, ningesogea. Tatu, nilikuwa na kanga ya kazi."

"Hiyo ya mbali ni kweli," fundi akasema. "Tulimwambia."

"Asante, mzee. Sasa nne." Sauti yake ikashuka kidogo, kuku wakasikika zaidi. "Tanuru lile tulikaa nalo siku tatu, tunalisha kuni. Zilikuwa tofali za nyumba ya baba. Baba aliingia nchi hii akiwa mgongoni kwa mama yake, kutoka Burundi, na maisha yake yote amelala kwenye nyumba ya udongo mbichi, kila mvua anaziba. Sasa yuko kwenye ya kuchoma. Kila asubuhi anagonga ukuta kwa fimbo yake asikie unavyolia. Ko, ko, ko. Anatuamsha wote. Na ile kazi yote hatuna picha, hata moja. Baba kaiona hii kwenye simu, kaniuliza huyo mtu alijuaje kuja siku ile."

Dada wa harusi alikuwa ameacha pazia, anajifuta jicho kwa ncha ya kidole ili asiharibu wanja.

"Kwa hiyo iwekeni," akasema yule mama. "Mwambieni huyo katibu wenu aiweke nzima, asiikate, na sisi tupewe moja, tutaitundika hata kama si ya kanisa letu. Ila chini msiandike ukungu."

"Tuandike nini, mama?" fundi akauliza, akachukua kalamu nyuma ya sikio.

"Andikeni tofali za baba." Kalamu ikatembea kwenye bahasha ya pasipoti. "Na huyo dada mwenyewe, anasemaje?"

Fundi akaniangalia. Akauangalia mkono wangu.

"Bado ana pingili moja, mama."

"Haya," akasema, na kwa sauti yake nikayaona mabega yale yakitikisika chini ya ndoo. "Namngoja."